Masta ya wanyamapori: bei yake haiko kwenye ada peke yake

Msimu wa udahili unapokaribia, vijana wa Arusha na Moshi waliosomea wanyamapori huulizana jambo lile lile: masta ya bei nafuu iko wapi? Jibu lililozoeleka ni hili: tazama ada, chagua chuo chenye ada ndogo kuliko vyote, cheti ni cheti. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na lina hoja nzito kuliko wengi wanavyokubali. Tatizo lake ni kwamba linahesabu sehemu ndogo ya gharama na kuiacha ile kubwa.

Kwanza haki yao. Fedha za Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa zinakwenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo masta hulipwa na mfuko wa nyumbani: mshahara, mkopo wa SACCOS, mchango wa ndugu, au kiwanja cha Usa River kinachouzwa kabla ya wakati wake. Mwenye watoto shuleni hana nafasi ya kukosea hapo. Tena afisa wanyamapori wa halmashauri anayetafuta kupanda cheo anachotakiwa kuonyesha ni shahada inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Hakuna atakayemuuliza kwenye kikao kama msimamizi wake alikuwa bingwa wa tembo au la. Kwa mtu wa namna hiyo, ambaye kazi anayo na anachohitaji ni sifa, ushauri wa ada ndogo unafaa na sioni sababu ya kumtia hofu.

Kuna pia wanaoupinga kwa msemo wa rahisi huvunja upishi, kana kwamba ada kubwa yenyewe inafundisha. Siafiki. Hapa kwetu machaguo ya maana hayapishani kwa ubora kwa kufuata ada. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, inafundisha uzamili na uzamivu tu, na ina fani ya bioanuwai na mifumo ikolojia. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro, ina masta ya wanyamapori na walimu waliozeeka kwenye kazi hii. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 juu ya Moshi, kina stashahada ya uzamili. Hiyo si masta, lakini kwa mwenye shahada ya fani nyingine anayetaka kuingia kwenye uhifadhi ni njia fupi na yenye mafunzo mengi ya porini.

Hata kwa hesabu ya ada tu, mahali unapolala huibadilisha picha. Anayeishi Sakina au Ngaramtoni anafika Tengeru kwa daladala na kurudi kula nyumbani. Akienda Morogoro, atalipa pango, chakula na nauli za likizo kwa miaka miwili, na fedha hizo huweza kuimeza tofauti yote ya ada aliyoikimbilia.

Lakini pesa zinapoishia hasa ni kwenye utafiti. Binti mmoja aliyetaka kuchunguza tembo wanaoingia mashambani upande wa Enduimet, karibu na ushoroba (mapito ya wanyama) wa Kitendeni unaounganisha Kilimanjaro na Amboseli, alinionyesha bajeti yake kwenye daftari. Ada ilikuwa mstari mmoja. Iliyobaki ilijaza kurasa mbili: pikipiki ya kukodi na mafuta yake, posho ya askari wa wanyamapori wa kijiji wa kumsindikiza, posho ya kijana wa kutafsiri Kimaasai, chumba cha kulala, kamera za kutegesha na betri zake, vocha, na safari za kurudi chuoni kumwona msimamizi. Kila mstari ni mdogo ukiutazama peke yake. Ukijumlisha ndipo unaelewa kwa nini wengi hufaulu masomo ya darasani mwaka wa kwanza, kisha wakapotea.

Kisha kuna muda. Kibali cha utafiti wa wanyamapori kinapitia TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori ambayo makao yake yako Njiro, Arusha, na andiko la utafiti likichelewa kupitishwa na chuo, kibali nacho kinachelewa. Tembo hawasubiri. Huingia mashambani mahindi yanapokomaa, na ukikosa majira hayo unasubiri mazao ya mwaka unaofuata. Mwaka huo wa ziada una pango lake, gharama za kuendelea kusajiliwa, na mshahara ambao hukuupata. Hapo chuo cha bei nafuu kimekwisha kuwa ghali, na kosa halikuwa la ada.

Ndiyo maana ninamshauri kila anayeniuliza aanze na mradi ndipo atafute chuo. Eneo hili limejaa utafiti wa miaka mingi. Utafiti wa simba wa Serengeti ulianza mwaka 1966, na Tarangire kuna kazi za muda mrefu za tembo, twiga na simba. Miradi ya namna hii ina magari, kamera, na mara nyingi data ambazo hazijachambuliwa. Mwanafunzi anayeingia chuoni akiwa na barua ya mradi uliokubali kumpa nafasi na usafiri amepunguza gharama kuliko punguzo lolote la ada. Anaweza hata kuandika tasnifu kwa data zilizokwisha kukusanywa. Wako walimu wanaoona hiyo ni njia ya mkato, na kweli hatajifunza kutegesha kamera. Lakini atajifunza kuuliza swali na kulichambua kwa programu za bure kama R ya takwimu na QGIS ya ramani, na atamaliza.

Njia hii ina udhaifu wake, nao ni mkubwa. Anayeijua miradi ni yule aliyekwisha kufanya kazi nayo. Kijana wa kijijini aliyemaliza shahada bila kumjua mtu hana wa kumpigia simu. Na miradi inayotegemea wafadhili hukatika: misaada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, iliposimamishwa Januari 2025, waliokuwa wameegemea fedha hizo hawakuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo barua ya mradi isomwe vizuri, ijulikane fedha zinatoka wapi na zinaisha lini.

Je, kwenda nje? Kwa miaka mingi Norway ilikuwa mlango mkubwa kwetu, na baadhi ya watafiti na walimu wetu walipitia huko. Tangu vuli ya 2023 vyuo vya umma vya Norway vinawatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya. Ujerumani vyuo vingi vya umma bado havitozi, lakini ili kupata viza mtu anayejilipia hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima, euro 11,904 kwa kiwango kilichowekwa Septemba 2024, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 zilizokaa benki. Bure ya namna hiyo ni ya wachache.

Marekani hali ni ya kushangaza kidogo. Masta ya mtandaoni yenye krediti 30, ukilipia dola 500 kwa krediti, inafika dola 15,000, na hakuna anayekulipa kitu. Masta ya kukaa chuoni, ambayo kwenye karatasi ni ghali zaidi, huweza kukugharimu kidogo kuliko zote: profesa mwenye mradi anakuchukua kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha, ada inafutwa, na unapewa posho ya kuishi. Nafasi hizo hutangazwa kama kazi, na ubao wa matangazo wa Chuo Kikuu cha Texas A&M ndio wengi wanaoutazama. Unamwandikia profesa kwanza, kabla ya kulipia maombi. Ushindani ni mkali, lakini kuandika barua pepe nzuri hakugharimu kiwanja. Kuhusu zile za mtandaoni, ulizia TCU kama shahada hiyo itatambuliwa kabla hujatuma hata senti.

Waongoza watalii, ambao wengi wana akili ya utafiti kuliko waliokaa darasani, wana shida yao. Wageni hujaa Juni hadi Oktoba, wakarudi tena Desemba hadi Februari, na mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba. Mwongozaji akiingia darasani muda wote, kipato kinakatika pale pale. Kwake masomo ya masafa yana maana, hata kama ada yake si ya chini kabisa, ilimradi kazi ya uwandani aipange kwenye masika, Aprili na Mei, wakati magari yamelala. Mwajiri mwelewa anaweza hata kumwachia moja.

Kwa aliyemaliza shahada ya kwanza juzi na hana kazi, maoni yangu ni kwamba asubiri. Najua ni ushauri mchungu kwa mtu anayekaa nyumbani akiona wenzake wanasonga mbele. Ila ajira nyingi za kuingilia kwenye Jeshi la Uhifadhi haziombi masta, na ufadhili mkubwa unataka uzoefu: Chevening ya Uingereza na kozi za DAAD ya Ujerumani kwa watu wa nchi zinazoendelea, zote zinadai angalau miaka miwili ya kazi. Miaka miwili kwenye WMA, yaani hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na vijiji, kama Randilen au Burunge, hata kwa posho ndogo, inamfungulia milango ambayo masta ya kujilipia haimfungulii, na ndiko atakakokutana na watu wa miradi niliowataja.

Vyuo navyo vina deni. Vinatangaza ada kwa uwazi, lakini mwombaji anastahili kuambiwa pia ni wangapi kati ya waliodahiliwa kwenye masta ya wanyamapori walimaliza ndani ya miaka miwili, na ni wangapi walifanya utafiti ndani ya mradi wenye fedha. Takwimu hizo ziko kwenye mafaili ya kila ofisi ya masomo ya uzamili. Ziwekwe kwenye ukurasa ule ule wa ada, mzazi wa Machame aweze kuzisoma kabla ya kuuza ng'ombe.