Chuo cha wanawake au cha mchanganyiko: binti wa hesabu aangalie nini?

Binti aliyemaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu) na anatafuta chuo Marekani hukutana na mjadala wa siku nyingi: aende chuo cha wanawake watupu, au cha mchanganyiko?

Wanaotetea vyuo vya wanawake wana hoja nzito. Smith, jimboni Massachusetts, ndicho chuo cha kwanza cha wanawake nchini humo kuanzisha programu yake ya uhandisi, mwaka 1999. Bryn Mawr, chuo kingine cha wanawake, ndiko alikofundisha mwanahisabati mashuhuri Emmy Noether baada ya Wanazi kumfukuza Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1933. Katika vyuo hivi mwanafunzi anayeongoza kikundi maabarani ni mwanamke, anayekosea ubaoni pia ni mwanamke, na kosa lake hubaki kosa la hesabu tu.

Kasoro ni udogo. Idara yenye wahadhiri wachache inaweza kufundisha topolojia (tawi la hesabu za juu) mwaka huu na kuiruka mwaka ujao. Ukiikosa, ombi lako la shahada ya juu linapungukiwa. Smith huziba pengo hilo kwa kushirikiana na vyuo vinne jirani, ila ratiba na usafiri ni vya kupima mapema.

Upande wa pili, Harvey Mudd, chuo cha sayansi na uhandisi jimboni California, ni cha mchanganyiko. Maria Klawe, mwanahisabati, alipoanza kukiongoza mwaka 2006, wanawake katika sayansi ya kompyuta walikuwa kama asilimia 10. Miaka michache baadaye walikaribia 40. Kozi ya mwanzo iligawanywa: waliowahi kuandika programu darasa lao, wasiowahi lao. Lugha ya programu ya Java ikaachwa, ikaingia Python, iliyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Mgawanyo huu unamhusu sana binti wa PCM, hodari wa kalkulasi lakini pengine hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Wakichanganywa, wazoefu hutawala maswali, naye huanza kuamini hana kipaji, kumbe amekosa mazoezi tu. Hata hivyo mzigo wa masomo hapo ni mkubwa mno.

Kwa maoni yetu, idara ina uzito kuliko aina ya chuo. Na jihadhari na takwimu za jumla: chuo kinaweza kujisifu kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa sayansi ni wanawake, kumbe wengi wako biolojia na fizikia ina wawili. Uliza hivi: kati ya wasichana walioanza hesabu mwaka wa kwanza, wangapi wamehitimu hesabu? Ofisi ya udahili ikikujibu kwa brosha, mwandikie mkuu wa idara mwenyewe.