Macho ya rubani: ukali upo, ila si pale tunapoudhania

Ukizungumza na wazazi wa Kipawa au Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam, ambako ndege hupita juu ya mabati usiku na mchana, utawasikia wakisema kwa uhakika kabisa: mtoto akishaanza kuvaa miwani, urubani ndiyo basi tena. Kauli hiyo inawavunja moyo vijana wanaofaulu vizuri fizikia na hesabu, na inauma zaidi kwa sababu si kweli.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na viwango vya afya ya marubani vinatokana na Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba uliounda shirika hilo. Anayetaka kurusha ndege za biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kwa uoni wa mbali, kila jicho likipimwa peke yake lifikie 6/9, na yote mawili kwa pamoja yafikie 6/6. Kiwango hicho kinaweza kufikiwa kwa miwani au bila miwani. Hata ambaye bila miwani yuko chini ya 6/60, yaani herufi ambayo wengine huisoma wakiwa mita 60 yeye haisomi hata akiwa mita 6, hafukuzwi mlangoni. Anatakiwa kuleta ripoti kamili ya daktari wa macho kabla ya kupimwa mara ya kwanza, kisha nyingine kila baada ya miaka 5. Akishapata leseni, ataruka akiwa na miwani usoni na jozi ya akiba karibu naye. Lenzi za kubandika juu ya mboni ya jicho nazo zinaruhusiwa, mradi zisiwe na rangi na ziwe za umbali mmoja tu.

Mjadala wenye uzito uko kwenye rangi. Kanuni inadai mwombaji atambue bila kusitasita zile rangi ambazo kazi yake inazihitaji, na kwa kawaida kipimo cha kwanza ni kile kitabu cha madoadoa yenye tarakimu ndani yake, alichokitunga daktari Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Mwenye kasoro ya nyekundu na kijani anaweza kuwa anaona mbali kuliko daktari anayempima, na bado akashindwa kuisoma tarakimu. Kasoro hii mara nyingi ni ya kuzaliwa, inawapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na miwani haiiponyi.

Wanaotetea ukali huo wana hoja, tena iliyoandikwa kwa ajali. Alfajiri ya tarehe 26 Julai 2002, Boeing 727 ya mizigo ya FedEx iligonga miti kabla ya kufika kwenye njia ya kutua huko Tallahassee, Marekani. Wote watatu waliokuwemo walijeruhiwa, lakini walipona. Kando ya njia ile kulikuwa na safu ya taa 4 zinazomwonyesha rubani mteremko wake: mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake yuko sawa, nyekundu tupu maana yake yuko chini mno. Wachunguzi walikuta kwamba rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiirusha ndege, alikuwa na kasoro ya kuona rangi iliyomzuia kuzisoma taa hizo, ingawa alikuwa na cheti halali cha afya. Uchovu ulichangia, na wenzake wawili hawakufuatilia mteremko ipasavyo. Lakini kasoro ile ya macho imo kwenye orodha ya mambo yaliyochangia ajali, na hakuna hoja ya haki ya mtu binafsi inayoweza kuifuta pale.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Kitabu cha Ishihara kinapima uwezo wa kugundua tarakimu kwenye madoadoa. Hakipimi kutua. Australia ililikabili swali hili mwaka 1989, pale baraza la rufaa lilipokubali katika shauri la Denison kwamba kasoro ya rangi peke yake si sababu tosha ya kumfungia mtu anga, na marubani wenye kasoro hiyo wakaendelea kupata kazi huko. Uingereza nayo ina kipimo cha kompyuta, kilichobuniwa City University, London, kinachoonyesha ukubwa wa kasoro badala ya kusema ipo au haipo. ICAO yenyewe imeacha mlango wazi: aliyeshindwa kitabu anaweza kupimwa kama anazitambua taa halisi za anga. Hapa kwetu kuna hoja nyingine ya kutafakari. Kuna ndege ndogo zinazotoka Dar es Salaam kwenda mbugani na kutua mchana kwenye viwanja vya udongo ambako hakuna hizo taa nyeupe na nyekundu. Je, rubani wa kazi hiyo apimwe kwa taa ambazo hatazikuta?

Nimeipima hoja hiyo na siikubali yote. Ndege ya mbugani hurudi mjini, wakati mwingine giza linaingia, na redio ikikata, mnara huzungumza kwa taa: kijani isiyopepesa ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyopepesa ni endelea kuzunguka, mpishe mwenzako. Tena ndege nyingi za namna hiyo zinaweza kurushwa na mtu mmoja, hivyo hakuna jicho la pili la kumsahihisha. Ninachokikubali ni kwamba kitabu kisiwe hukumu ya mwisho. Aliyekishindwa apelekwe kwenye kipimo cha taa au cha kompyuta, na matokeo ya hapo yaheshimiwe, hata yakiwa machungu.

Kuhusu moyo, presha, kisukari na kifafa sina ugomvi na kanuni. Ajali ya ndege ya Staines, Uingereza, tarehe 18 Juni 1972, iliua watu 118, na uchunguzi ulionyesha kwamba kapteni alikuwa na maradhi makubwa ya moyo.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi: hofu ya kupimwa. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa shirika la Ujerumani la Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi kwenye milima ya Ufaransa, wakafa watu 150. Ripoti ya wachunguzi inaeleza kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akizunguka kwa madaktari akilalamikia macho yake, nao hawakukuta ugonjwa wowote wa macho. Ugonjwa ulikuwa wa akili, na aliuficha mahali pa kazi. Mfumo unaomwambia rubani kwamba akisema ukweli atapoteza mkate wake unamfundisha kunyamaza. Mwaka 2018 Ulaya iliweka kanuni ya kuwapa marubani huduma ya kusaidiwa na wenzao bila kuadhibiwa, na hilo ndilo ningependa mashirika yanayoruka kutoka Dar es Salaam yalichukue kwa uzito, kabla ya kubishana kuhusu namba za miwani.

Na vyuo vianze na daktari, siyo na ada. Familia inayouza kiwanja Chanika ili kijana akasomee urubani ina haki ya kujua kwanza kama atapata cheti cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Duka la miwani Kariakoo haliwezi kuwapa jibu hilo. Akikutwa na kasoro ya rangi, asidanganywe kwamba atahamia kuongoza ndege mnarani, kwa sababu waongozaji nao wana cheti chao cha afya, cha daraja la tatu, na rangi imo. Kazi ya kupanga safari za ndege, yaani mafuta, njia, hali ya hewa na uzito, Kiambatisho cha Kwanza hakiidai cheti cha afya, na anayeifanya hushirikiana kwa karibu na rubani.