Ugomvi wa Vermut, Mimi na Chaki Yangu

Jamani, kuna watu wana muda! Mimi hapa Madrid ni mhudumu tu wa baa, na kila asubuhi naandika vinywaji kwenye ubao pale mlangoni. Nikiandika "vermouth", ile divai ya mitishamba, kama Wafaransa, mzee mmoja anamsimamisha mbwa wake, anatikisa kichwa: kijana, hapa ni Hispania. Haya, nafuta, naandika "vermut". Anapita dada mwenye miwani: mbona T haisikiki? Weka "vermú", na alama juu ya U usisahau. Nafuta tena. Bosi anatoka jikoni, mikono ina unga: nani kala T yangu?

Na hiyo V yenyewe wanaitamka B, lakini hapo utawasikia kimya!

Eti Akademia yao ya Kifalme, wale wasimamizi wa lugha ya Kihispania, iliyoanza 1713, imeyapitisha yote mawili. Vermut sawa, vermú sawa. Glasi zikizidi, vermuts au vermús, chagua mwenyewe. Wanachotaka tuache ni tahajia ya Kifaransa. Sasa mbona chupa kibao kwenye rafu zimeandikwa hivyo hivyo "vermouth"? Nipande ngazi nikazifute nazo? Halafu hao Wafaransa nao waliazima kwa Wajerumani, na kwa Wajerumani Wermut ni pakanga, ule mmea mchungu. Ndiyo, pakanga ile ile ya kwenye Ufunuo, nyota iliyotia maji uchungu. Watu wazima wanagombania pakanga saa sita mchana!

Mwenzangu wa zamu, Muargentina, naye kaja na lake. Kwao "el vermú", jinsia ya kiume, ni kinywaji; "la vermú", ya kike, ni onyesho la sinema la alasiri. Na watu hawa hawa ndio wanaosema ngeli zetu zinawaumiza kichwa.

Sikatai, kinywaji chenyewe kinapendeza. Chekundu, kinatoka kwenye bomba, barafu mbili tatu, kipande cha chungwa, zeituni kwenye kijiti. Jumapili kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima unasema twende vermut. Wanakuja ukoo mzima, bibi mpaka kitukuu, wanaunganisha meza, wanaparamia viti. Nami nimeshakata machungwa sahani nzima. Natoa kijitabu: haya wakubwa, niwaletee nini?

Bia. Bia. Maji ya gesi. Bia ndogo. Bibi naye bia.