Kabla ya kulipia Kilimanjaro, uliza wapagazi watalala wapi

Desemba 9 ikikaribia, makundi ya WhatsApp hujaa matangazo ya kupanda Kilimanjaro kwa bei ya Mtanzania. Nafurahi kuyaona. Tangu Luteni Alexander Nyirenda aupeleke mwenge kileleni mwaka 1961, tumeuimba mlima ule kuliko tulivyoukanyaga.

Kinachonikera ni maswali yetu. La kwanza, "Bei gani?" La pili, "Hampunguzi?" Hakuna anayeuliza kilichopunguzwa ni nini. Ada za hifadhi hazina mjadala, zinalipwa kama zilivyo. Panapobaki pa kubana ni chakula, mahema na watu wanaobeba.

Chukua njia ya Machame. Tofauti na Marangu, huku hakuna vibanda vya kulala. Kila usiku ni hema. Kwa hiyo mahema, magodoro, mitungi ya gesi, unga, sufuria, meza, viti vya kukunja na siku hizi hata choo cha kubebeka, vyote vinapanda kwa vichwa na migongo ya wapagazi, yaani wagumu kama wanavyoitwa mlimani. Kikomo ni kilo 20 kwa mtu, na mizigo hupimwa getini. Safi. Lakini mvua za vuli hazisomi mzani: hema lililonyeshewa usiku kucha kwenye kambi ya Barranco halina tena uzito liliokuwa nao jana, na asubuhi lazima likunjwe hivyo hivyo lipandishwe ukuta wa mwamba ulio mbele ya kambi.

Mbele yake kuna Barafu, kambi iliyo mita 4,673, ambayo haina maji. Yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Chai unayokunywa jioni ile, na hata maji ya kunawa mikono, kuna mtu kapanda nayo.

Najua jibu litakalokuja: mzigo mwingi ndiyo ajira nyingi. Kwenye karatasi ni kweli, na mimi siombi mtu akose kazi. Vijana wengi wa Moshi na vijiji vya kando ya mlima wanasomesha wadogo zao kwa kazi hii. Ila katika safari iliyouzwa kwa bei ya kutupa, kiti cha ziada hakiji na mgumu wa ziada. Kinagawiwa kwa walewale.

Halafu kuna suala la kulala, ambalo wageni wengi hawalijui mpaka wanashuka. Katika safari nyingi, hema kubwa mnalolia chakula ndilo chumba cha wagumu usiku. Ninyi mkinogewa na stori baada ya supu, wao wako nje kwenye baridi wanasubiri muondoke. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaosema tukate tu hema la chakula ili kupunguza mzigo. Ukilikata bila kuuliza, huenda umewakatia paa.

Kwa upande wetu, mbona mengi yanawezekana? Jaketi zito, soksi, suruali ya joto, taa ya kichwani na begi la kulalia: hayo ndiyo ya lazima. Spika ya muziki ibaki nyumbani. Jinzi tatu za kupigia picha zibaki pia, na kusema kweli jinzi ikilowa mlimani ni adhabu kwako mwenyewe.

Kisha, kabla ya kutuma pesa, uliza: wagumu ni wangapi kwa kundi letu? Wana hema lao? Wanakula mara ngapi kwa siku? Wanalipwa shilingi ngapi kabla ya bahshishi? Ukijibiwa "usijali, hayo tuachie sisi", rudia swali, safari hii kwa maandishi.