Wati hazikaushi kapeti

Mimi kazi yangu ni kuosha kapeti hapa Mwanza. Jumamosi nimepigiwa simu na mama mmoja wa Nyegezi, mteja wangu wa siku nyingi, nikampa shikamoo na hata marahaba hajaimaliza akasema "mwanangu njoo unuse sebule yangu." Nikaenda. Mlango kufunguliwa tu harufu ikanipokea, ile ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nikapiga goti nikakandamiza kapeti kwa kiganja, maji yakapanda katikati ya vidole. Ilikuwa siku ya tatu tangu ioshwe! Wajukuu walishahamishiwa chumbani.

Aliyeosha ni dogo mmoja wa Igoma, namjua, ana bidii na hana longolongo, mama alimwita kwa sababu mimi nilikuwa na kazi Sengerema. Nikampigia, akaja na mashine yake ya kunyonya maji kwenye boda. Mpya kabisa, ubavuni imeandikwa wati 3000 kwa herufi kubwa kuliko jina la mashine yenyewe. Kaikopea laki nane kwenye kikoba cha mama yake, muuzaji kamwambia hii ndo yenye nguvu kuliko zote dukani. Imeniuma sana, na ndo maana naandika.

Jamani, wati ni umeme ambao mashine inakula, sio maji ambayo inatoa. Umoja wa Ulaya walikataza vakyumu za majumbani za zaidi ya wati 1600 zisiingie sokoni kuanzia 2014, wakashusha tena hadi 900 mwaka 2017, na nyumba zao zinasafishwa mpaka leo. Nakubali mota ya wati chache mno haiwezi kazi yetu, hilo silibishi. Ila namba unayotakiwa kuitafuta ni nyingine, imeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya mashine au kwenye kijitabu, inchi za maji au kilopaskali, yani mashine inaweza kuvuta maji yapande juu kiasi gani kwenye paipu. Inchi 100 ni kama kilopaskali 25, na mimi kwa kapeti za manyoya mazito chini ya hapo sinunui. Halafu angalia na wingi wa hewa inayopita, kwa sababu mvuto, yani hizo inchi, ndo unayang'oa maji kwenye manyoya lakini hewa ndo inayabeba mpaka kwenye tanki, ukiwa na kimoja bila kingine umebaki njiani. Mashine yenye mota mbili uliza zimefungwaje, zikifuatana zinaongeza mvuto, zikikaa sambamba zinaongeza hewa.

Na sisi wa huku kuna kitu wauzaji hawatuambii. Ziwa letu lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 11, na feni ya mota inavuta kwa kutegemea uzito wa hewa ambayo feni inaizungusha. Kwa hiyo mashine ya inchi 100 pale Kariakoo, ukiifikisha Buzuruga inakupa 89 hivi. Mashine ni ileile na haijaharibika. Sasa kama ulinunua ile ya kubahatisha, huku inazidi kupwaya, tena ukiongeza na masika, asubuhi unyevu wa ziwa umejaa hewani, hiyo kapeti itakaukia wapi? Ikivuka siku moja au mbili ikiwa mbichi ukungu unaanza, na juti, kile kitambaa cha chini kinachoshika manyoya, ikishaoza hakuna sabuni ya kuirudisha.

Dogo alikuwa anabisha kidogo, kwa heshima lakini anabisha, basi mama akatutolea kapeti chakavu uani. Nikamimina lita 10 kwa ndoo ya kupimia upande mmoja, akanyonya mpaka akasema basi. Tukamwaga tanki lake kwenye ndoo, lita 4 na kidogo. Upande wa pili lita 10 nyingine, nikanyonya na yangu ya zamani yenye rangi iliyobanduka, zikarudi 8. Dogo aliinama akaiangalia ile ndoo muda mrefu, hakusema kitu. Nikamwambia hizo karibu lita 6 zako ulimwachia mama wa watu sebuleni.

Mengine kwa ufupi. Uliza kama mota inapozwa na hewa yake yenyewe, maana zile zinazopozwa na hewa iliyonyonywa unyevu unazimaliza mapema. Povu likizidi, boya la kwenye tanki, lile linalofunga mvuto maji yakijaa, halilizuii, linapanda moja kwa moja mpaka kwenye mota, kwa hiyo punguza sabuni na weka dawa ya kukata povu. Mpira wa mfuniko ukichanika hata kidogo mvuto umekwisha. Paipu iwe fupi kadiri unavyoweza. Ekstensheni nyembamba achana nayo kabisa, itayeyuka. Na kabla hujaweka tone la maji nyonya vumbi kavu kwanza, Mwanza hii mchanga wa milimani unaingia kila nyumba, ukiulowesha ni tope.

Lakini hayo yote unaweza kuyarekebisha ukiwa kazini, mvuto mdogo huurekebishi, umeshanunua. Nenda dukani na ndoo yako na kipande cha kapeti, omba wakuwashie, pima unachoweka na kinachorudi. Muuzaji akikataa nenda duka lingine, hela ni yako.

Ya mama tuliinyonya upya bila kuongeza maji, tukaisuuza na kuinyonya tena, tukaiacha na feni mbili na madirisha wazi, jioni ya Jumapili akanipigia kwamba wajukuu wamerudi sebuleni. Ile mashine ya dogo tumekubaliana iwe ya vumbi na viti vya gari mpaka deni la kikoba liishe. Kesho tuna kapeti mbili Buswelu, anakuja na mimi, ndoo ya kupimia anaishika yeye.