Noti ya Mwisho

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa nia njema, jambo ambalo halikunisaidia hata chembe niliposimama mbele ya mwalimu mkuu nikijaribu kueleza ni kwa nini akina mama kumi na wanne wa mtaani walikuwa wameingia shuleni na mikeka kuja kumlilia mwanafunzi aliyekuwa mzima wa afya, na ni kwa nini akina mama hao hao walitoka mbio bila viatu.

Nafundisha muziki katika shule moja ya kutwa hapa Mombasa, ambayo ukuta wake umegusana na nyumba za watu kiasi kwamba harufu ya samaki wa kukaanga hutujulisha saa ya chakula kabla ya kengele. Muhula ule nilikuwa nimefika kwenye somo la opera, somo ambalo kila mwaka nililiandika ubaoni kwa utaratibu ule ule: kwamba opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, kwamba jina lenyewe ni la Kiitaliano na maana yake ni kazi tu, kwamba sanaa hiyo ilizaliwa Florence mwishoni mwa karne ya 16. Wanafunzi walinakili, na walisahau kabla wino haujakauka. Mara hii niliongeza kwamba Dafne ya Jacopo Peri, ambayo huhesabiwa kuwa opera ya kwanza, iliimbwa mwaka wa 1598, miaka miwili tu baada ya Wareno kumaliza kuijenga Fort Jesus, na kwamba sehemu kubwa ya muziki wake imepotea ilhali Fort Jesus ingali pale pale.

"Basi, mwalimu, si tutunge yetu?" akauliza kijana mmoja wa nyuma, ambaye hadi siku hiyo sikuwa nimeisikia sauti yake isipokuwa wakati wa kuitikia jina.

Niliwagawa. Kundi moja lilitunga libreto, neno ambalo kwa Kiitaliano ni kijitabu tu, na kwa hakika letu lilikuwa daftari la kurasa 32 lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Kundi la pili lilitunga sauti, la tatu likashika ala, yaani matari, dumbaki na fidla moja yenye nyuzi tatu, na la nne likaimba. Ugomvi ulianza kwenye kisa. Wavulana walitaka mechi ya kandanda, wasichana wakataka harusi, na baada ya siku mbili tukapata bibi harusi ambaye bwana wake amekwama kwenye feri ya Likoni, na ambaye katika kungoja analetewa na wifi yake hamri lenye sumu. Hapo mwanafunzi mmoja ambaye mamake huuza mahamri alisimama akapinga kwa uchungu, akasema kwamba kisa hicho kitawaharibia biashara na kwamba sumu itiwe kwenye soda. Suluhu iliyopatikana, na ambayo naiona hadi leo kuwa ya kibalozi, ni kwamba wifi aseme waziwazi kwamba hamri hilo limenunuliwa mbali.

Niliwaeleza kwamba katika opera ziko sehemu ambazo maneno huimbwa kwa mwendo wa kuzungumza ili kisa kisonge mbele, ndizo resitativo, na ziko sehemu ambapo kisa husimama ili mtu mmoja afungue moyo wake, ndizo aria. Watoto waliolelewa na utenzi hawakuhitaji maelezo zaidi. Kilichowasumbua kilikuwa kifo. Niliwasimulia Rigoletto ya Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka wa 1851, ambamo Gilda anachomwa kisu, anatiwa ndani ya gunia, na babake anapolifungua bado anayo pumzi ya kuimba naye kabla ya kukata roho.

"Kwa nini wasimkimbize hospitali, Makadara?" akauliza mmoja.

"Kwa sababu ni opera," nikajibu, na jibu hilo likawa sheria ya darasa. Kila jambo lisilo na akili lililopendekezwa tangu siku hiyo lilitetewa kwa maneno hayo.

Bibi harusi wetu aliimbwa na msichana wa Kidato cha Pili tuliyempa jina la Kengele. Aria yake ya kufa ilikuwa ubeti mmoja tu wa utenzi, kwa kuwa kundi la libreto lilikuwa limeishiwa na muda:

Mama hamri ni tamu
Ila ndani mna sumu
Yanikauka na damu
Kwaherini, nazimia

Ubeti huo ulichukua dakika saba. Neno "sumu" peke yake lilikuwa na pumzi tatu.

Nilikuwa nimewafundisha kwa fahari kwamba opera ilikuwepo karne nyingi kabla ya vipaza sauti, na kwamba waimbaji wake wengi hujifunza kuikusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi, ndiyo sababu koo moja husikika juu ya ala sitini. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba sauti inayoweza kuzishinda ala sitini haitasumbuliwa na dirisha lililo wazi.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Stima zilikuwa zimepotea, feni zimesimama, na tulikuwa tumefungua kila kilichoweza kufunguka. Kengele alilala juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, amefunikwa leso hadi kidevuni, akaanza kufa. Kwaya ya wasichana kumi na wawili ilimlilia kama nilivyoelekeza, kwa vilio vya kupokezana. Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo, naongoza kwa rula.

Katika mtaa wetu kilio hakiulizwi, kinafuatwa. Kwenye marudio ya pili ya "Kwaherini" nilisikia kwaya ikinenepa, na moyo wangu ukafurahi, kwa kuwa kwa wiki mbili nilikuwa nikiwasihi walie kwa kifua na si kwa pua. Sauti za chini zilikuwa nzito, zenye umri na mikwaruzo ya kweli. Nilifumba macho. Nikiyafumbua niliona wanafunzi wangu wote wakitazama nyuma yangu, lakini hakuna aliyenyamaza, kwani nilikuwa nimewaonya kwamba katika opera hata paa likianguka huimbwa hadi mwisho.

Mkono ukanigusa bega. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili kutoka lango la shule, buibui limefungwa kwa haraka, macho mekundu. Nilidhani ni nyanya wa mmoja wa waimbaji amekuja kutazama mazoezi.

"Poleni, mwanangu," akaninong'oneza. "Anazikwa saa ngapi?"

"Hazikwi leo, bibi," nikamjibu huku rula ikiendelea kupiga hewa. "Jumamosi atakufa tena mbele ya wazazi wake."

Alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena. Nyuma yake mikeka ilikuwa imetandikwa, birika la kahawa limeshafika pamoja na vikombe vyake, na sinia lilikuwa likizunguka likikusanya rambirambi. Nilifungua kinywa nieleze, lakini ndipo tulipofika kwenye kile kituo tulichokipanga kwa kumuiga Gilda: kwaya inanyamaza ghafla, inahesabu nne, kisha marehemu anainuka kiwiliwili na kuimba "nazimia" kwa sauti ya juu kabisa aliyo nayo.

Kengele ni mtoto mtiifu. Alihesabu nne, akainuka.

Sitalieleza sana lililofuata. Ukumbi una mlango mmoja. Vilibaki viatu jozi tisa na kimoja pekee, birika lililolala ubavu, na sinia lenye shilingi 3,450. Kengele aliishikilia noti yake hadi mwisho wa pumzi, akalala tena, kisha akauliza bila kufumbua macho kama alikuwa ameipata.

Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniamuru nizunguke nyumba kwa nyumba nirudishe viatu na pesa. Viatu vilipokewa. Pesa zilikataliwa kila mlango. "Pesa ya msiba nikiirudisha nyumbani kwangu, mwanangu, nitakuwa nimemwita nani?" alisema yule bibi, nami sikuwa na jibu. Akatoa sharti moja: kwamba Jumamosi akina mama wote wakae mstari wa mbele, na waambiwe mapema nani atakufa na atakufa mara ngapi. Zile 3,450 zilinunua uzi wa nne wa fidla na kitambaa cha pazia.

Walifika nusu saa kabla ya wakati, wamejifukiza udi, wamevaa kama waendao harusini, jambo ambalo kwa kisa chetu lilikuwa sahihi. Niliwaeleza wageni wote kwamba katika opera hadhira hutulia, na aria ikiisha ndipo hupiga makofi. Walinisikiliza kwa adabu. Bwana harusi alikwama feri, wifi akasema hamri limenunuliwa mbali, mama mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti kwamba angalijua. Kisha Kengele akaanza kufa, na katika "sumu" ya pili yule bibi akanyanyuka.

Aliyekulia kwenye taarab hakai kitini sauti inapomkata maini. Alikuja polepole kwa mwendo wa matari, bega likipanda bega likishuka, na kila akifika nusu ya njia alisimama kwanza autikise mkono wenye pesa ili watu wauone. Alipanda jukwaani wakati kwaya ilipokuwa imenyamaza. Moja, mbili. Aliinama juu ya marehemu, akauchukua mkono uliokuwa umening'inia pembeni ya dawati, akaweka kiganjani shilingi mia mbili. Tatu. Na vidole vya marehemu, taratibu sana, vikafumba.