Mvuvi wa kitoweo naye atajwe

Mwandishi umegusa penyewe uliposema mvuvi wa kitoweo, yaani anayevua kwanza kwa ajili ya chakula cha nyumbani, atambuliwe kisheria. Mama yangu hapa Kilwa kachokoa pweza tangu usichana wake. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likikupwa anashuka mwambani kwa miguu, kijiti mkononi, anarudi na pweza wawili: mmoja mchuzi wa wajukuu, wa pili anauza, anunue sukari na madaftari. Hana ngalawa wala nyavu, basi kikao cha kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa muda ili pweza wakue, haitwi, eti si mvuvi. Habari anazipata keshafika majini! Afrika Kusini walimtaja mvuvi wa kujikimu katika sheria yao ya bahari ya 1998. Miongozo ya uvuvi mdogo ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya 2014 nayo inataka wanawake washirikishwe kwenye maamuzi. Sisi tunangoja nini? Mwandikeni kwanza, habari ya vibali vya uvuvi tuzungumze naye akiwa amekaa kikaoni.